Mikono Miwili Katika Glavu Moja

Mwaka jana, kahawa ikiwa imeanikwa uani, gari la kukodi lilisimama barabarani hapa Ijumbi, akashuka mwanamume mrefu mwenye mvi na kijana wa kike aliyebeba maua ya dukani. Yule mwanamume alinisalimu kwa Kiswahili cha kujifunza ukubwani, akauliza kama mimi ndiye Adventina. Nilimtambua kabla hajataja jina, kwa paji la uso, kwa sababu lilikuwa lile lile la baba yake. Alikuwa Anselmi. Mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka minne, namfunga kamba za viatu. Tulikula ndizi na maharage, akala kwa mkono akijiangalia vidole kama mtu anayekumbuka kitu kwa mbali, na baada ya chakula akaniambia mama yake amefariki huko Norwei, naye amekuja kuniuliza jambo moja tu: baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Mama alijaribu kumsimulia mara nyingi, akifika kwenye ile Jumapili ya mwisho anakatisha na kwenda kuosha vyombo. Nilimsimulia hadi jua likazama, binti yake akitusaidia pale lugha ilipokwama. Walipoondoka niligundua kuwa nimeruka mengi, na hasa habari ya zile glavu, ambazo kwa mtu anayeishi kwenye theluji nilihisi zingeonekana kitu kidogo mno. Kwa hiyo naandika.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la saba, nikapelekwa Kahororo, pale Bukoba mjini, kumwangalia Anselmi mama yake akiwa kazini hospitali. Mambo ya ukoo nayaacha. Itoshe kwamba wenye nyumba niliwaita Baba Mdogo na Mama Mdogo, nao waliniita Adve. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na sebule chini ya bati, bila dari. Kuta ziliishia nusu, na juu yake moshi wa jikoni, harufu ya samaki na maneno ya watu vilipita vikitaka. Mtu akikohoa sebuleni nilimsikia kana kwamba amekaa kitandani kwangu. Kwa sababu hiyo wao wawili walizungumza kwa kunong'ona, na mwanzoni nilidhani ndivyo wasomi wanavyozungumza. Lakini Bukoba mvua haiombi ruhusa. Iliponyesha wakiwa katikati ya maneno yao ilibidi wapaze sauti ili wasikizane, wakasahau kwamba ukuta ni nusu. Karibu yote niliyoyajua mwaka ule niliyasikia bati likipigwa na mvua.

Baba Mdogo alikuwa bwana shamba. Miezi kadhaa kabla sijafika, alipelekwa upande wa Muleba kuwaeleza wakulima faida za kuacha vibanja vyao, yale mashamba ya migomba, na kuhamia kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Alisimama mbele yao, akatazama migomba ambayo babu za wale watu waliipanda, akasema, "Mimi nimesomea mimea. Mgomba wenye umri huu haupandi lori." Watu walipiga makofi, na hayo makofi ndiyo yaliyomponza. Aliporudi ofisini alikuta meza yake imesogezwa kwenye korido. Mshahara uliendelea, kazi ikakoma. Rafiki zake wa kucheza bao waliacha kuja, mmoja mmoja, bila ugomvi. Nilipofika mimi, sebule ilikuwa na viti sita na mgeni mmoja tu.

Mgeni huyo alikuwa Bwana Novati. Alisoma na Baba Mdogo tangu wakiwa wadogo, na sasa alifanya kazi katika ofisi ambayo hakuna aliyeitaja jina mbele yangu. Alikuja kila Jumapili baada ya misa, amevaa suruali iliyopigwa pasi vizuri, akaketi kiti kinachotazama mlango, akala. Sijawahi kuona mtu anayesifu chakula kama yeye. "Mama Anselmi, waitu, ndizi hizi zimepikwa na malaika," atasema, kwa lile neno letu la Kihaya la heshima, kisha atachambua mwiba wa samaki polepole na kuuliza swali. Maswali yake yalikuwa mepesi: Baba Mdogo anasoma nini siku hizi, nani kamsalimu barabarani, redio yao inashika stesheni gani. Baba Mdogo alijibu akitabasamu. Mgeni akishatoka, Mama Mdogo alifungua madirisha yote hata kama kuna baridi.

Mama Mdogo alisomea uuguzi Norwei, na huko mama mwenye nyumba alimfundisha kufuma katika majira ambayo, alisema, jua huchomoza saa za chakula cha mchana na kuzama kabla hujameza. Sindano zake zilipotea njiani, basi alitumia spoku za baiskeli zilizokatwa na kusuguliwa ncha kwenye jiwe. Uzi haukuwepo madukani, kama vile sukari isivyokuwepo, hivyo alifumua sweta kuukuu la Baba Mdogo, rangi ya damu ya mzee, na shali nyeupe aliyopokelewa nayo Anselmi alipozaliwa. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja kama nywele. Aliuosha, akauning'iniza kwenye kamba na kuufunga mawe ili unyooke. Wapita njia waliutazama bila kuelewa. Nilipomwuliza anafuma nini alisema, "Kitu cha kupotezea muda." Kilichotokea kwenye spoku kilikuwa kama soksi fupi, nyeupe na nyekundu, yenye nyota ya petali nane mgongoni, na kitundu kimoja pembeni. Anselmi aliiita soksi ya mkono. Mimi niliona ile nyota ni ua la boga, na nikaona kitu chenyewe ni kizuri kuliko chochote mle ndani.

Alasiri moja mvua ilishuka kwa nguvu, na kutoka chumbani kwangu nilimsikia Mama Mdogo akisema, "Wewe utabaki wiki moja, usipokuja nitarudi!" Baba Mdogo akajibu kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto, "Hutarudi! Ukivuka, umevuka na mtoto!" Kisha mvua ikakatika ghafla, kama ilivyo kawaida yake, nao wakanyamaza. Nilikuwa nimeshika shati la Anselmi nililokuwa nikilikunja. Nililikunja mara nyingi, nikalikunjua, nikalikunja tena. Nchi ya theluji, glavu ndogo, mtoto wa miaka minne. Hata msichana wa darasa la saba aliweza kujumlisha.

Jumapili iliyofuata ndipo Bwana Novati alipoiona. Mama Mdogo aliisahau kwenye kiti, chini ya kitambaa cha mezani, na mgeni alipoketi alihisi spoku ikimchoma. Akaitoa, akaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota mjusi. Baba Mdogo alikuwa amekwenda kunawa. Mama Mdogo alikuwa mlangoni na sinia mikononi, na nikaona mvuke wa ndizi ukipanda mbele ya uso wake, uso hautikisiki.

"Hii ni nini?" aliuliza Bwana Novati.

"Ni yangu, waitu," nilisema. Mpaka leo sijui sauti ilitoka wapi. "Najifunza kufuma."

"Glavu? Bukoba kuna barafu?"

"Hakuna. Ila ua lake ni zuri. Niliona picha."

"Na mbona ndogo hivi?"

"Uzi ni haba. Nilianza na ndogo, nikiharibu nisiharibu kingi."

Alicheka, akanirudishia. "Vizuri. Msichana awe na kitu cha kushughulisha mikono. Jumapili nitakuja nione umefika wapi." Akala sana siku ile. Alipoondoka, Mama Mdogo hakufungua madirisha. Alinishika mabega akanitazama kwa muda, bila kuniuliza nimesikia nini wala lini, kisha akaleta spoku na mabonge mawili ya uzi, akaviweka mapajani mwangu. "Basi sasa itabidi ujue kweli," alisema.

Ndivyo nilivyojifunza kazi ambayo imekuwa starehe yangu hadi uzee huu: kwa hofu. Tulifuma mchana Anselmi akilala, siku ambazo mama yake hakuwa na zamu hospitali. Kufuma kwa rangi moja nilikuwa nikijua kidogo tangu shuleni, lakini rangi mbili ni jambo jingine. Uzi mwekundu unaupitisha kidole cha mkono wa kulia, mweupe wa kushoto, na ule ambao haujafikiwa zamu unasafiri kwa nyuma, ukingoja. Ukiuvuta, ua linajikunja na mkono hauingii. Ukiulegeza, vidole vya mvaaji vinanasa ndani. "Usiukaze," Mama Mdogo alikuwa akiniambia, "usiuonyeshe kwamba una haraka." Vidole vyangu vilikuwa na haraka. Kila kitanzi nilikibana kama mtu anayefunga mbuzi. Yeye alikaa karibu nami akimenya maharage mabichi, macho yake yakiwa barabarani, na lori au gari lolote likipita mikono yake ilisimama hadi mlio ufifie upande wa Kashai. Hakunieleza mipango yao hata siku moja. Alinieleza jinsi ya kupunguza vitanzi kwenye ncha, jinsi ya kuacha nafasi ya kidole gumba, jinsi theluji inavyokuwa kimya. Nilielewa kuwa ananiaga.

Bwana Novati alitimiza ahadi. Jumapili iliyofuata alikuja na furushi la senene, wale panzi wa kuliwa, akaniomba glavu kabla hata ya maji ya kunawa. Aliitazama mgongoni, akaitazama kiganjani, kisha akaigeuza ndani nje. Ndani ndiko nyuzi zinazosafiri zinakoonekana. Alipitisha kucha juu yake polepole. Chini, karibu na kifundo, nyuzi zilikuwa zimelala sambamba kama nywele zilizochanwa. Juu, nilipoanzia mimi, zilikuwa zimevutana na kitambaa kimejikunyata.

"Hapa mkono mmoja," alisema, "na hapa mkono mwingine."

Baba Mdogo aliendelea kuchambua mabawa ya senene, akayapanga ukingoni mwa sahani.

"Mama Mdogo alinianzishia," nilisema. "Mwanzo ni mgumu."

"Ndiyo, mwanzo ni mgumu." Akaigeuza tena sawasawa, akamwita Anselmi, akamweka katikati ya magoti yake. Alimvalisha ile glavu kwa upole wa baba, akamnyoosha mkono juu ili sote tuuone. Haikupungua wala haikuzidi. "Tazameni. Imemkaa kama amepimwa." Anselmi alifurahi, akapungapunga mkono wake mwekundu. Bwana Novati akamwuliza, "Unakwenda wapi na glavu hii, baba?" Mtoto akafikiri. Nilimwona Mama Mdogo akishika ukuta. "Nakwenda kwa Adve," alisema, akaja mbio kunikumbatia miguu. Hawakuwa wamemwambia lolote, na hiyo ndiyo iliyotuokoa siku ile.

Jioni Mama Mdogo aliifumua yote. Alisema niianze upya kwa mkono wangu peke yangu, kuanzia kitanzi cha kwanza, ya kushoto na ya kulia, nikosee kwa namna moja toka chini hadi juu. Nikamwuliza kwa nini tusiichome moto, iishe. "Tukiacha, tumekiri," alisema. "Akikuta hakuna, atauliza imekwenda wapi. Afadhali kila Jumapili akute ipo." Basi glavu ikawa ndiyo inayomjibu mgeni. Jumapili hata Jumapili aliipima kwa kidole ilipofikia, akanisifu, na nikaona wazi kwamba anahesabu: wiki fulani itakwisha, na itakapokwisha kitatokea kitu. Nilianza kufuma polepole. Nilifuma mchana, nikafumua kidogo jioni. Sijawahi kuota vibaya kama mwaka ule. Niliota uzi mweupe ukipita nyuma ya kila mtu mle ndani, na mkono nisiouona ukiukaza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya mawingu. Meli ya Mwanza ilikuwa iondoke jioni. Baada ya misa Mama Mdogo alimvalisha Anselmi nguo mbili mbili, akachukua kikapu cha kawaida chenye ndizi juu, akasema anakwenda Kashai kumwona muuguzi mwenzake aliyejifungua. Alisema hivyo uani kwa sauti, majirani wasikie. Kutoka Mwanza, nilivyokuja kujua baadaye, angevuka kwenda Kenya, na rafiki zake wa Norwei wangempokea huko. Baba Mdogo angefuata baadaye kwa njia yake. Glavu moja ilikuwa imekamilika na ya pili ilibaki kidole gumba. Nilimnong'oneza azichukue hivyo hivyo, mtoto asije akaganda. Akatikisa kichwa. "Zikae mahali anapozitafuta. Mtoto wangu nitamshika mikono." Baba Mdogo alimbeba Anselmi hadi kwenye kizingiti, akamnusa shingo, akamweka chini. Hakuwasindikiza. Aliingia ndani akapanga viti.

Bwana Novati alifika amechelewa. Nilikuwa mlangoni nafuma kidole gumba, na akanipita akinigusa kichwa. Kuwaona Baba Mdogo na mimi tu hakukumshangaza. Alielezwa habari ya Kashai, akasema ni vema kumwona mzazi. Nikawaandalia. Baba Mdogo aliongea siku ile kuliko siku zote. Alisimulia visa vya shule, alimwigiza padri mmoja mkali, alimchezesha mgeni wake kama mvuvi anavyomlegezea samaki kamba, na nikatambua kwamba anavuta muda. Mgeni alicheka, akakubali nyongeza, akakubali lubisi, pombe yetu ya ndizi. Kisha akafuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja.

"Ndugu yangu, vaa viatu. Twende tukatembee."

"Sasa hivi? Mke wangu hajarudi."

"Sasa hivi. Gari liko pale chini."

Baba Mdogo alinawa. Alileta viatu, akainama kuvifunga karibu na kigoda changu, na bila kuinua kichwa akaniambia kwa Kihaya, kwa sauti ya mtu anayelalamikia kamba: nenda bandarini uone wamepanda, na usimwambie Mama Mdogo kitu mpaka meli iondoke. Kisha akasimama, akaweka kalamu yake mezani, akatoka mbele ya rafiki yake. Sikusikia mlango wa gari ukifungwa kwa nguvu. Ulifungwa taratibu, kama wa gari la harusi.

Nilikimbia kuteremka hadi nilipoanza kuona watu, kisha nikatembea. Gatini kulikuwa na mikungu ya ndizi, kuku, wanawake waliokalia mizigo yao. Mama Mdogo alikuwa tayari melini, kwenye reli, Anselmi mgongoni amelala. Aliponiona akakunja uso.

"Adve! Mbona umekuja? Mgeni ameondoka?"

"Ameondoka!"

"Amekula?"

"Amekula sana! Na nyongeza!"

"Na baba yako mdogo?"

Kulikuwa na mbao moja tu kati yetu, na watu walikuwa bado wanapanda na kushuka. Ningesema neno moja angeikanyaga ile mbao na mtoto mgongoni. Nikacheka, nikapaza sauti juu ya kelele za wapagazi: "Amemsindikiza mgeni!"

Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue meno yake yakaonekana yote. Mbao ikavutwa. Nilisimama nikipunga mkono hadi meli ikawa ndogo kuliko kidole, nikasimama tena hadi nisione kitu, kwa sababu nilijua nikigeuka nitakuwa peke yangu na lile jambo.

Asubuhi iliyofuata Bwana Novati alirudi nyumbani, akaketi kiti cha Baba Mdogo. Aliniuliza mzazi gani wa Kashai anayetazamwa usiku kucha. Nilisema sijui. Aliniuliza kwa upole, kwa namna nyingi, na ili mikono yangu iwe na kazi niliichukua glavu nikaimalizia kidole gumba mbele yake, kitanzi kwa kitanzi, nikakata uzi kwa meno. Alinyoosha mkono. Nikampa zote mbili. Aliziweka mfukoni mwa koti, akaniambia nirudi kwetu Ijumbi na nisizungumze, nikafanya yote mawili. Jozi ile sikuiona tena. Nimefuma nyingine nyingi tangu hapo, zenye ua lile lile, za watu wa hapa ambao hawana pa kuzivalia. Wananicheka, wanazipokea, nondo wanazila. Uzi wa ndani bado naukaza kidogo.

Kwamba walifika Norwei tulijua baadaye, kwa mtawa aliyepita Muleba. Baba Mdogo yeye aliachiwa baada ya miaka, bila kuambiwa alikosa nini, akapewa ruhusa ya kukaa Ijumbi na si ya kwenda mbali. Aliishi hapa akitunza migomba yake, mtu mtaratibu asiyekaa kiti kinachotazama mlango, akafa kabla ruhusa ya kusafiri haijapatikana. Mke wake hakumwona tena.

Lakini siku aliyorudi naikumbuka kuliko siku ya kuzikwa kwake. Nilikuwa nimeolewa tayari, namenya ndizi nyuma ya nyumba, nikaona mtu mwembamba amesimama kwenye migomba, viatu mkononi. Nilidhani ni mwombaji. Hakunisalimu, wala hakuuliza habari za nyumbani. Midomo yake ilikuwa imepasuka, akailamba kwanza.

"Adve," alisema, "walipanda meli?"

Miaka yote ile hakuna aliyemwambia.

"Walipanda, Baba Mdogo. Niliwaona mimi mwenyewe, mpaka meli ikapotea."

Aliketi chini pale pale, juu ya maganda ya ndizi, akaweka viatu vyake kando.

"Niambie tena," alisema.

Nikamwambia tena.